NANI AWASEMEA WAKULIMA WA UFIPA?

Mwezi wa Juni 2017 Serikali ilipiga marufuku kupeleka mahindi nje ya nchi. Zambia ipo mlangoni mwa Ufipa, na Kongo ni ng'ambo tu ya Ziwa Tanganyika. Bei ikaporomoka. Twaambiwa ilikuwa kuzuia njaa. Vema, njaa si mchezo. Lakini kwa nini gharama yake ilipwe na mwenye jembe peke yake? Na mkulima gani wa Sumbawanga aliitwa kutoa shauri?

Huko Marekani wenye mali huajiri watu wa kuwashawishi wabunge, na kazi hiyo hula mabilioni ya dola kila mwaka. Hatuupendi mtindo huo, maana maskini hana cha kuajiria. Hata hivyo sheria yao ya 1995 yawalazimu washawishi hao kujiandikisha na kutaja anayewalipa. Kwetu matajiri hubisha hodi Dodoma, nasi husikia matangazo tu!

Twataka daftari la wazi la wanaokwenda kuwashawishi Mawaziri. Na vyama vya ushirika vya Sumbawanga, Nkasi na Kalambo viitwe kabla marufuku haijaandikwa.