Ala Kumi na Tatu Zinatosha: Barua kwa Watu wa Maringo

Jersey City, New Jersey

Kwenu nyote wa Maringo, Jericho na Kaloleni, huko Nairobi; kwako Mama; na kwako dadangu, ambaye najua utaisoma barua hii kwa sauti mbele ya majirani hata nikikukataza:

Habari za baridi ya huku mmezichoka kwenye simu, sizirudii. Leo nataka kuzungumza juu ya baleti. Naam, baleti. Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee.

Dada, unaikumbuka ile siku stima zilipopotea? Ninyi wasichana saba mlikuwa mmejifunza dansi miezi miwili kwa ajili ya sherehe ya kanisa moja pale mtaani, jina silitaji. Zamu yenu ilipofika, giza. Mtu akakimbia kuleta redio kaseti ya mawe, na mawe yenyewe yalikuwa yameshaanikwa juani mara mbili. Wimbo ukaanza vizuri. Kufika katikati, sauti ya mwimbaji ikaanza kushuka, ikawa nzito kama ya mlevi anayetafuta mlango wake usiku. Nanyi, kwa kuwa mlifundishwa kufuata muziki, mkapunguza mwendo pamoja nao. Miguu ikaning'inia hewani. Mwishowe mkasimama kama sanamu, mikono juu, ukumbi mzima ukicheka. Ulilia siku mbili, na hukucheza tena mbele ya watu.

Nimekitembeza kisa hicho miaka mingi kama kichekesho. Kisha Januari 2023 kikanirudia vingine. Mwenzangu wa zamu ya usiku kwenye bohari alikuwa na tiketi ya kwenda kuwaona New York City Ballet, mtoto wake akaugua, akanipa. Nikavuka mto Hudson kwa treni, nikapanda mpaka orofa ya juu kabisa ya ukumbi wa David H. Koch pale Lincoln Center, karibu na dari. Ni ukumbi wa viti zaidi ya 2,500. Kazi yenyewe ilikuwa mpya, iitwayo Copland Dance Episodes, iliyotungwa na Justin Peck kwa muziki wa Aaron Copland, Mmarekani aliyezaliwa Brooklyn mwaka 1900. Hakuna mapumziko, wachezaji kama thelathini, pazia la rangi kali kama kanga mpya, na chini, kwenye shimo mbele ya jukwaa, okestra nzima ikipiga.

Nilikokaa niliweza kumwona kondakta vizuri kuliko nilivyowaona wachezaji. Huku kondakta si yule wa kudai nauli. Lakini nisikilizeni: kazi ni ile ile. Makanga wa matatu ya 58 hugonga bodi ya gari, dereva akajua asimame au aondoke. Macho yake yako mlangoni, kwa mama aliyebeba mtoto na kiroba, na gari haliondoki mpaka mguu wa pili umepanda. Yule wa okestra naye alikuwa akiwaangalia wachezaji. Msichana mmoja aliruka, na nikaona fimbo ikingoja juu pamoja naye, kitambo kisichofika nukta moja, ikashuka aliposhuka. Wapiga fidla wote walikuwa wamengoja mguu wa mtu mmoja. Hapo ndipo nilipokukumbuka, dada, na mawe yako ya redio. Mashine ilikuwa haikuoni.

Basi nikaanza kusoma. Niliyoyakuta ndiyo yaliyonifanya niandike, kwa sababu nilidhani vitu hivi vilianza na pesa nyingi.

Mwaka 1942 Martha Graham, mchezaji na mtunzi wa dansi, alikuwa anataka muziki kutoka kwa Copland. Tajiri mmoja mpenda muziki, Elizabeth Sprague Coolidge, akalipa. Ada ya mtunzi ilikuwa dola 500. Kazi ingechezwa Washington, katika ukumbi mdogo wa Maktaba ya Bunge la Marekani, na kwa kuwa nafasi ya wanamuziki ilikuwa finyu, Copland aliandika kwa ala kumi na tatu tu: fluti, klarineti, basuni, piano, fidla nne, viola mbili, selo mbili na besi moja. Hesabu mwenyewe. Mchonga sanamu Isamu Noguchi akatengeneza nyumba ya fito za mbao, na kiti cha bembea. Hadithi? Bwana na bibi harusi wanahamia nyumba yao mpya shambani. Kuna jirani mama mtu mzima, na mhubiri mwenye maneno makali. Mama, si hiyo ni Jumamosi yoyote ya mtaani kwetu, mhubiri akiwemo?

Graham na Copland walitunga kwa barua, mmoja huku na mwingine kule, jambo linalonifurahisha mimi mwandishi wa barua. Copland alimaliza muziki bila kujua utaitwaje; kwenye karatasi zake aliandika tu kwamba ni baleti ya Martha. Graham ndiye aliyeipa jina Appalachian Spring karibu na siku ya onyesho, akilitoa kwenye shairi la Hart Crane, na neno lenyewe katika shairi lina maana ya chemchemi ya maji, si majira ya mwaka. Mpaka uzeeni watu walimsifu Copland kwa jinsi alivyoyapata majira ya maua ya milimani. Akawa anacheka. Onyesho la kwanza lilikuwa tarehe 30 Oktoba 1944, na mwaka uliofuata muziki huo ukapata Tuzo ya Pulitzer.

Na wimbo unaobeba sehemu yake inayojulikana zaidi hakuutunga yeye. Ni wa kanisa, wa Mashekeri, dhehebu dogo la watu waliomwabudu Mungu kwa kucheza. Aliuchukua, akaupitisha kwa ala moja baada ya nyingine. Msione ajabu. Wimbo wetu wa taifa tunaousimamia wima tangu 1963 ulitoka kwenye bembelezo la Wapokomo, wimbo wa mama na mtoto mchanga huko mto Tana. Njia ya kuutoa wimbo mdogo jikoni na kuuweka mahali pakubwa tunaijua.

Mwaka huo huo wa 1944, mwezi wa Aprili, vijana wawili wa miaka 25, Leonard Bernstein na Jerome Robbins, walitoa Fancy Free. Habari yake ni hii: mabaharia watatu wako likizoni New York usiku mmoja wa kiangazi, wasichana ni wawili. Mmoja atakosa. Wanashindana kwa kucheza, kisha wanapigana. Basi! Hakuna mfalme wala bata maji aliyerogwa. Kinachonipendeza zaidi ni mwanzo: kwenye baa kunasikika sahani ya santuri ikiimba, wimbo wa mapenzi wa polepole, halafu ngoma za okestra zinaukata ghafla na mabaharia wanaingia. Mashine inanyamazishwa na watu. Nami nikawaza makanga watatu kwenye steji ya Jogoo Road saa moja jioni, gari likipiga muziki wake, kisha ngoma ya isukuti ya Kaloleni inaingia juu yake.

Sasa nataka kusema jambo ambalo huenda likawaudhi wengine. Copland Dance Episodes ilinipendeza lakini ilinikosesha kitu. Muziki ule uliandikiwa wachunga ng'ombe, maharusi wa shambani na jambazi Billy the Kid. Peck ameondoa wote. Hakuna farasi wala hadithi, ni miili na rangi tu. Jirani yangu wa kiti, mzee wa Kimarekani, alifurahi mno, maana hadithi zile alikua nazo; ukizitoa, bado anaziona. Babu zake walishaziweka. Mjukuu anaweza kutoa kilichowekwa. Sisi wa Eastlands bado hatujaweka, na nawasihi msikimbilie kutoa. Anzeni na makanga.

Wengine wamekwisha kututungia, mjue. William Grant Still, Mmarekani mweusi aliyezaliwa Woodville, Mississippi, mwaka 1895, aliandika baleti iitwayo Sahdji kwa okestra, kwaya na mwimbaji wa sauti nzito anayetaja methali za Kiafrika. Ilichezwa mara ya kwanza Rochester, jimbo la New York, mwaka 1931. Mahali pake ni Afrika ya kati, kwa Wazande, watu ambao hata leo wako kaskazini mashariki ya Kongo na Sudan Kusini. Sahdji ni mke kipenzi wa chifu; ana mpenzi wa siri; chifu anauawa mawindoni, mila inamtaka mjane afe, na mpenzi anamtoroka. Hadithi hiyo iliandikwa na Richard Bruce Nugent na Alain Locke, watu wa vuguvugu la sanaa la Harlem. Waliiota Afrika wakiwa mbali, na siwalaumu, hata mimi nikiwa hapa, Maringo yangu imekuwa safi kuliko ilivyo. Lakini ndoto ya mtu aliye mbali haiwezi kutosha. Mwenye mlango ndiye ajuaye unavyolia.

Na mlango uko. Kutoka kwetu mpaka Korogocho si safari. Pale kwenye uwanja wa kanisa la Mtakatifu Yohana, jirani na moshi wa jaa la Dandora, Elizabeth Njoroge alianzisha Ghetto Classics mwaka 2008, na leo kuna vijana waliokulia kwenye mabati yale wanaopiga fidla, selo na klarineti, na wengine wamekuwa walimu wa wadogo zao. Mathare, Mike Wamaya alifundisha watoto baleti kwenye sakafu ya saruji, kama alivyofanya Kibera, mpaka mwaka 2017 akawa miongoni mwa kumi bora wa tuzo ya ualimu ya dunia. Wapigaji tunao, na wachezaji tunao. Kila mwisho wa mwaka watoto wa Nairobi huvaa wakacheza The Nutcracker pale Kenya National Theatre, na theluji ya kuigiza huanguka. Sina ugomvi nayo. Ila nimeizoa theluji kwa koleo saa kumi za alfajiri, na nawaambia haihitaji kuchezewa.

Mtasema huyu ameenda Marekani, sasa anatuletea mambo ya wazungu wa Karen na Muthaiga. Haya, na rap ilitoka wapi? Ilitoka Bronx. Kundi la Kalamashaka wa Dandora hawakuiomba ruhusa. Mwaka 1997 walitoa wimbo wa Tafsiri Hii, na nilipoisikia mara ya kwanza ndani ya matatu nilijua kwamba mwenye kitu si aliyekianza. Hata waumini wa Akorino wanaopita na ngoma zao Jumapili wana mapigo ambayo mtunzi mwenye masikio angeyalilia.

Basi nimefanya hesabu. Chama chetu cha Wakenya hapa huchangishana kusafirisha maiti, na kazi hiyo tunaifanya vizuri, pengine vizuri kupita kiasi. Kwenye mkutano uliopita nilisimama nikaomba tuchangie kitu cha walio hai. Kukawa na kimya, mzee mmoja akauliza kama baleti ni ugonjwa. Lakini wanane wamekubali kutoa. Tumekusanya dola 500, ile ile ada aliyolipwa Copland, ingawa najua dola ya siku zile ilinunua zaidi. Ni za kijana mmoja wa Korogocho, Dandora au Kariobangi atakayeandika muziki wa dakika ishirini kwa ala kumi na tatu. Wapigaji nao walipwe. Pesa hiyo tutaitafuta baadaye, na sitaki kusikia neno la kujitolea. Piano ikikosekana, aweke kitu kingine mahali pake. Nyatiti, kwa mfano.

Mahali nimeshapaona. Ni ukumbi wa Kaloleni, kwenye mtaa uliojengwa miaka ya arobaini kwa mikono ya mateka wa vita wa Kiitaliano, ukumbi ambao wanasiasa wa kabla ya uhuru waliutumia kutikisa nchi. Jukwaa lipo. Nyumba ya fito za mbao fundi yeyote wa Shauri Moyo ataipiga kwa siku moja.

Dada, nakuomba mambo mawili. Nenda Kaloleni umuulize mlinzi wa ukumbi wanautoza kiasi gani kwa siku, na kama paa bado linavuja upande wa kushoto. Halafu siku ya onyesho uketi mbele kabisa, umwangalie kondakta, uniandikie kama aliwangoja.

Nduguyo, aliye Jersey City.