Kanyanga ya mahindi na burboni ya Marekani



Juma hili swali limetoka kwa kikundi cha wamama wanaopika kanyanga. Wamesikia kwamba burboni, ile wiski ya Marekani inayouzwa Goma kwa dola nyingi, inatoka katika mahindi. Ni kweli? Na kama ni kweli, mbona yetu inauzwa kwa franga kidogo tu?

Ni kweli. Sheria ya Marekani inataka mahindi yasipungue asilimia 51. Kazi yenyewe inafanana na yetu: nafaka iliyosagwa na mbegu zilizochipuka, maji ya moto, siku za kuchacha, kisha moto chini na mvuke unaopozwa. Tofauti inaanza baadaye. Wao wanaitia ndani ya pipa jipya la mwaloni (mti ule tunaousoma katika Biblia), lililochomwa ndani mpaka likawa makaa. Pipa hilo ndilo linaleta rangi nyekundu-nyekundu na sehemu kubwa ya utamu. Nyingine zinakaa humo miaka 2, nyingine 4 au zaidi. Bei inalipa pipa na kungoja. Minervali ya watoto haingoji miaka 2, hilo tunalijua.

Anayeonja anatia kidogo sana katika glasi. Ananusa kwanza, anaongeza matone ya maji ili ukali upungue, ndipo anagusisha ulimi. Anatafuta vanila, kama ile inayolimwa upande wa Beni, sukari iliyoungua, moshi, mahindi ya kuchoma. Ikiwa na ladha kamili, inajaza mdomo na kubaki hata baada ya kumeza. Kanyanga yetu haijakutana na mti, kwa hiyo ni nyeupe kama maji. Inachoma, halafu nyuma yake unasikia mahindi au mihogo. Ladha hiyo haituletei haya.

Lakini kuna kitu ulimi hauwezi kukitambua: metanoli. Harufu na ladha yake inakaribia sana pombe ya kawaida. Mwezi wa 4 mwaka 2010, Kabale na sehemu nyingine za Uganda, kwenye njia ileile ya Bunagana kwenda Kampala, watu zaidi ya 80 walikufa kwa waragi iliyotiwa metanoli. Waliokunywa walionja pombe tu.

Kwa hiyo mama unayepika, yale ya kwanza kutoka, yenye harufu kama rangi ya kucha, yamwage, hata kama wateja wanayasifu kuwa ndiyo yenye nguvu. Usipoze mvuke kwa radiateri ya gari, maana madini ya risasi yanaingia katika pombe. Na usiongeze kamwe alikoli ya bidoni usiyojua imetoka wapi. Hiyo ndiyo inaua kijiji kizima, na kumwaga ya kwanza hakutaisaidia.

Mama mjamzito asionje, hata kidogo. Wala kijiko cha kanyanga si dawa ya minyoo ya mtoto.

Mtu akilalamika kichwa, akitapika, akisema anaona kama katika ukungu, hata kama alikunywa jana, msimwache alale. Mpelekeni kituo cha afya usiku uleule, na chupa aliyoinywea mkamwonyeshe muganga.