Nani Amlilie Okelo?

Filamu ya Mira Nair, Mississippi Masala (1991), yamhusu Jay, wakili Mhindi aliyefukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Wenye asili ya Asia waliohamia Leicester au Toronto huililia nyumba aliyoiacha. Sisi wa Mchikichini twauliza: mbona Okelo, rafiki yake Mwafrika, amepewa dakika chache tu? Swali ni halali, ila lisiwe kichaka cha kujifichia. Mwaka 1971 Serikali yetu ilitaifisha majengo ya kupangisha, mengi yakiwa ya Wahindi. Na hadi leo mfanyabiashara Mhindi aliyezaliwa Kariakoo twamwita mgeni. Anayemdai Okelo haki huku akimkana jirani yake, ameitazama filamu hiyo kwa jicho moja.