Majini wa Kijuju na Mganga wa Kenzera

Imeingia katika watu wetu wa elimu tabia ya kushangilia kila Kiswahili kisikikapo ugenini. Kikisikika katika sinema, vigelegele. Kikisikika katika nyimbo za watu wa mbali, makofi. Na sasa kinasikika katika michezo ya video, au gemu kama vijana waitavyo, na shangwe ni ile ile. Hakuna aulizaye kimetiwa kinywani mwa nani. Nakusudia kuuliza swali hilo hapa juu ya michezo miwili, na nataraji baadhi ya wenzangu watachukia.

Wa kwanza ni Resident Evil 5, uliotolewa na Capcom ya Japani mwezi wa Machi 2009 kwa mashine za PlayStation 3 na Xbox 360. Mmarekani mwenye silaha, Chris Redfield, anafika Kijuju, mahali pa kubuni barani Afrika, akifuatana na Sheva Alomar, mwanamke wa Kiafrika. Wenyeji wameingiwa na kidudu kinachotawala akili zao, na kazi ya mchezaji ni kulenga bunduki na kuwaua mmoja baada ya mmoja. Wanamjia na mapanga na marungu huku wakipiga kelele kwa Kiswahili. Jina walilopewa ni Majini.

Wa pili ni Tales of Kenzera: ZAU, uliotoka Aprili 2024 kwa mkono wa Surgent Studios ya Uingereza. Mwasisi wake ni Abubakar Salim, mwigizaji Mwingereza wa asili ya Kenya, ambaye sauti yake ilikwisha kusikika kwa Bayek katika Assassin's Creed Origins wa mwaka 2017. Salim alifiwa na baba yake, na mchezo umezaliwa na msiba huo. Zau, mganga kijana, anamwendea Kalunga, mungu wa mauti, kumdai Baba yake. Kalunga anampa sharti la kuleta kwanza roho tatu kubwa zilizokataa kumfuata. Basi Zau huruka, hupanda majabali, hupigana kwa vinyago viwili, kimoja cha jua na kimoja cha mwezi. Mchezaji akipenda, husikiliza hadithi hiyo ikisemwa kwa Kiswahili.

Sasa na tulitazame neno jini, kwa kuwa ndilo linalotenga michezo hii miwili kuliko bunduki na vinyago. Katika Unguja, na hasa kwetu kusini, mtu aliyepandwa na jini au pepo hahesabiwi kuwa adui. Ni mgonjwa. Jamaa zake humpeleka kwa mganga. Mganga humwuliza pepo jina lake, atokako na atakacho. Akitaka ubani hupewa ubani, akitaka ngoma hupigiwa ngoma. Majini wenyewe wana kabila na dini zao, wako Waislamu na wako makafiri, na wako ambao mtu huishi nao umri wake wote kwa maagano. Mtu anaweza kuyasadiki haya au asiyasadiki. Mimi si mganga wala sikuandika ili nimtetee mganga. Nasema tu kwamba hii ndiyo maana ambayo neno limebeba katika lugha yenyewe. Watengenezaji wa Kijuju walilichukua neno, wakalikamua maana yake, wakalijaza baruti. Anayepandwa na jini hana tena jina, hana mama, hana swali la kuulizwa. Dawa yake ni risasi.

Upo utetezi ambao ni haki kuutaja. Hutajwa kwamba Resident Evil 4, wa mwaka 2005, uliwafanyia wanakijiji wa Hispania vile vile, wakapigwa risasi wakisema Kihispania, na hapakuwa na kilio kikubwa. Kwa nini Mwafrika alie? Jibu ni jepesi. Kihispania kina riwaya, sinema na michezo isiyohesabika ambamo msemaji wake ni mpenzi, hakimu, mshairi au mpumbavu. Mwenye kanzu mia hadhuriki kwa doa la kanzu moja. Mwaka 2009 Kiswahili kilikuwa na kanzu ngapi katika michezo hii? Na wale wanaosema kwamba Sheva anatosha kuosha doa hilo, wasikilize vizuri. Sheva yuko upande wa shujaa, naye huzungumza na shujaa kwa Kiingereza. Kiswahili kimeachiwa wanaouawa.

Walakini sitaki kuwapa washangiliaji furaha nyingine ya rahisi kwa kuisifu Kenzera kupita kiasi. Mchezo huo hutangazwa kuwa wa hadithi za Kibantu, nao umekusanya kutoka kila pembe. Impundulu ni ndege wa radi wa Waxhosa na Wazulu. GaGorib ni wa Wakhoikhoi, ambao si Wabantu hata kidogo. Kikiyaon ametoka Afrika ya Magharibi. Kalunga mwenyewe ana asili Kongo. Mwanafunzi wa fasihi simulizi akileta mchanganyiko huu darasani kwangu bila kueleza, nitamrudishia karatasi yake. Lakini tazama mwendo wa hadithi. Zile roho zina machungu yake, na Zau hupigana nazo ili zitulie, na kila moja humfundisha kipande cha msiba wake mwenyewe. Huo ni uganga. Mtungaji amekosea makabila lakini kazi ya mganga ameielewa, na mimi nachagua kosa hilo kuliko usahihi wa Kijuju, ambako Kiswahili ni cha kweli na kila kitu kingine ni uzushi.

Wako watakaosema, ati hii ni michezo tu. Neno hilo lisisemwe Makunduchi. Kila mwaka, mwezi wa Julai, katika Mwaka Kogwa, wanaume wa pande mbili hupigana kwa vikonyo vya migomba, mapigo ya kweli, na kinyongo cha mwaka uliopita huachwa uwanjani. Kibanda hutiwa moto, na wazee hutazama moshi unakoelekea. Hakuna mzee atakayekubali kwamba ni mchezo tu, wala kwamba si mchezo. Hapo pana kupigana, pana hatari, pana kanuni na pana jambo linalotakiwa mwisho wake. Kijana aliyezoea uwanja huo anastahili kuulizwa Kijuju kinapigania nini.

Na sisi wa vyuo tumefanya nini? Mwanafunzi wangu mmoja alileta pendekezo la tasnifu juu ya Kiswahili cha michezo hii miwili. Likakataliwa na jopo, kwa sababu mchezo wa video si fasihi. Wajumbe hao hao huandika kurasa nyingi juu ya ngoma za pepo. Pendekezo lile nimelirudisha mwezi huu bila kupunguza ukurasa, pamoja na orodha ya maneno yote ambayo Majini wa Kijuju huyapigia kelele kabla ya kufa, yameandikwa kwa tahajia sanifu, kila neno na maana yake.