Mkia mmoja huchaguliwa kabla ya kuona takwimu

Ndugu mwandishi, umeeleza vizuri kwamba kwenye mgawanyo wa kawaida jaribio la mkia mmoja hushusha kizingiti kutoka 1.96 hadi 1.645, lakini hukutaja gharama yake: linafumbia macho madhara ya upande wa pili. Chukua utafiti wa vyandarua wa Misungwi, Mwanza, walioshiriki watafiti wa chuo cha tiba cha KCMC hapa Moshi, uliochapishwa na jarida la The Lancet mwaka 2022. Baada ya miezi 24, kwenye kundi la vyandarua vya pairethroidi pekee 45.8% ya watoto walikutwa na vimelea vya malaria. Penye klorofenapiri ndani yake 25.6%, penye pairiproksifeni 37.5%. Kwa mikia miwili, klorofenapiri ilipata p ya 0.0001, pairiproksifeni 0.2354. Hiyo ya pili ukiigawa kwa mbili ili iwe ya mkia mmoja, inabaki karibu 0.118, bado iko mbali na 0.05; na ya kwanza haikuhitaji kubebwa. Mchangiaji wa hapo juu anasema hakuna anayetarajia kitu kipya kiwe kibaya kuliko cha zamani. Matarajio si ushahidi, ndugu yangu. Mwaka 1989, jaribio la CAST huko Marekani lilionyesha kwamba enkainidi na flekainidi, dawa za mapigo ya moyo zilizoaminiwa kuokoa watu, ziliongeza vifo. Nakubali mkia mmoja unafaa pale swali lenyewe ni la upande mmoja, mfano kuthibitisha kwamba kipya hakizidiwi na cha zamani kupita kiwango kilichowekwa. Ila uandikwe kwenye mpango wa utafiti mapema. Mwandishi, tafadhali liongeze hilo kwenye makala, wanafunzi wanakusoma.