Upepo Ndani ya Mafuta

Ndugu msomaji, juma hili nakuomba uvumilie harufu ya dizeli katika ukurasa uliouzoea kwa mapishi, malezi na barua za wachumba. Usigeuze ukurasa kwa kuwa huna gari. Basi unalolipanda kwenda kwenu Lindi lina chujio la mafuta, na mashua iliyoleta samaki aliyemo chunguni mwako inalo pia. Kadhalika mashine ya kusaga unga kule kijijini ambako umeme haujafika. Siku chujio hilo linapobadilishwa na mtu mwenye haraka, wewe abiria ndiwe unayelala njiani na watoto.

Mimi nililipa gharama ya somo hili kwa kukosa arobaini ya mama mkwe wangu.

Khitma ilikuwa isomwe siku ya Jumamosi baada ya sala ya adhuhuri, mjini Lindi. Shemeji yangu mmoja, Mungu ambariki, aliniazima Land Rover yake kuukuu ya dizeli, gari lenye umri wa kunizidi mimi. Tukatoka Dar es Salaam Ijumaa jioni baada ya kazi: mimi, mama watoto, binti yetu wa miaka kumi na miwili, na mdogo wake wa kiume. Nyuma tulipakia mchele, mafuta ya kupikia na mikeka miwili. Safari ya kusini siku hizi si ile waliyoisimulia wazee wetu, ya kulala kivukoni Ndundu wakisubiri pantoni ya Rufiji. Daraja la Mkapa lilifunguliwa mwaka 2003, nayo lami imekwisha kuunganishwa. Hata hivyo bahari na mvua bado vina neno la mwisho, kama ilivyoonekana Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na mafuriko yakaikata barabara hiyo, magari yakakwama pande zote mbili.

Kosa la kwanza lilikuwa langu. Usiku ule, kituo nilichokitegemea hakikuwa na mafuta, nami nikanunua dizeli ya dumu kwa kijana mmoja kando ya barabara. Sikuichuja, wala sikuiangalia kwa tochi. Tulipoipita Somanga gari likaanza kuchoka. Kila kilima lilipumua kama mzee mwenye pumu, na tulipofika Nangurukuru, ile njia panda ya kwenda Kilwa, kulikuwa kumekucha nalo haliwezi tena kupanda hata tuta.

Fundi tuliyempata alikuwa kijana mwepesi wa mikono. Akafungua bakuli la chujio, akamwaga maji na tope jeusi, akatia chujio jipya, akakaza, akapokea fedha yake, akakimbilia lori lililokuwa likimwita. Nikawasha. Injini ikaitika mara moja, nasi tukashangilia. Ilikuwa saa moja na nusu asubuhi, na kutoka hapo hadi Lindi ni kama kilomita 150 tu. Nikamwambia mama watoto kwamba tutafika kabla sufuria hazijateremshwa.

Tulikwenda mwendo ambao hata wimbo mmoja wa redio usingekwisha. Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Hapa naungama. Nilifanya kila ambalo mtu asiyejua hulifanya ili asionekane hajui. Nilipiga stata. Nikafungua boneti, nikatazama kwa uso wa maarifa, nikafunga, nikapiga stata tena. Chini ya mwembe, hatua chache tu kutoka tulipokwama, alikuwapo mzee mmoja aliyekaa juu ya furushi la nyavu akisubiri gari la kwenda Kiranjeranje. Alikuwa akitutazama tangu mwanzo.

“Baba watoto,” mke wangu akasema kwa sauti ya chini, “kwa nini tusimwulize yule mzee?”

“Ni betri tu,” nikajibu.

Basi nikaendelea na betri hadi ikafa kweli. Nikawaomba vijana wasukume, wakasukuma mpaka jasho likawatoka, gari likagoma. Ilipofika saa nne na robo mama watoto hakuniuliza tena. Alimwendea yule mzee mwenyewe, akapiga goti, akamwamkia, akamweleza kwamba tunakwenda kwenye arobaini ya mama yake mzazi.

Mzee akaja polepole. Akainama, akanusa, akapitisha kidole chini ya chujio. “Mwanangu,” akaniambia, “betri haikuwa na kosa. Umemkaba mtu koo, kisha wamlazimisha aimbe. Mafuta yako yameshika upepo.”

Hapana budi nieleze maana yake, kwa kuwa hata waendeshaji wa miaka mingi huendesha bila kuijua. Injini ya petroli huwasha mafuta kwa cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyeionyesha ikifanya kazi vizuri huko Augsburg mwaka 1897, aliijenga juu ya jambo moja: hewa ikibanwa kwa nguvu hupata joto kali. (Miaka miwili tu kabla ya hapo, mwaka 1895, Wajerumani walikuwa wamemnyonga Hassan bin Omari Makunganya pale Kilwa Kivinje, kwa kuukataa utawala wao. Nchi moja hiyohiyo ilituletea kitanzi na injini, nasi tumebaki na injini.) Pistoni huibana hewa hadi ikawa ya moto wa kutosha kuwasha mafuta yenyewe, ndipo nozeli inapoyapuliza mafuta ndani yakiwa laini kama ukungu. Ili nozeli ifunguke, pampu yake yapasa kuyasukuma mafuta kwa nguvu kubwa mno. Tairi la gari dogo hujazwa kiasi cha pauni 30 kwa kila inchi ya mraba; nozeli za injini hizi za zamani hazifunguki mpaka nguvu hiyo ipite pauni elfu moja na mia kadhaa.

Sasa, mafuta hayabanwi. Ukiyasukuma upande huu, yanasukuma upande ule papo hapo. Hewa hubanwa, kama sponji. Hewa kidogo ikikaa ndani ya bomba, pampu husukuma, kile kiputo hujikunja, kisha hujikunjua, na nozeli haipati habari yoyote. Chujio linapobadilishwa bakuli hubaki limejaa hewa. Injini huwaka kwa mafuta yaliyosalia mbele kwenye pampu, mtu hufurahi, hulipa, huondoka. Mafuta hayo yakiisha, upepo huwasili. Ndiyo sababu tulikufa tukiwa njiani na si pale pale kwa fundi.

Mzee alianza kwa kulifungua chujio tena, nami nikaona nusu ya aibu yetu. Ule mpira wa duara wa zamani ulikuwa umeganda juu kwenye kichwa cha chujio, na kijana aliweka mpya juu yake. Mipira miwili ikipandana haizibi, hunyonya hewa. Akaubandua wa zamani kwa ukucha, akaupaka mpya dizeli kidogo kwa kidole ili ukae bila kujipinda, akarudisha chujio. Nilitaka kumsaidia kwa kumimina dizeli ndani ya chujio ili lijae upesi. Akanizuia mkono. Mafuta ya dumu yakimiminwa katikati ya chujio, alisema, huwa yamekwisha kupita mlango wa mlinzi. Tope huenda moja kwa moja hadi kwenye pampu ya nozeli, na pampu hiyo ikikwaruzika bei yake itakuuzia nyumba. Afadhali mafuta yavutwe kutoka kwenye tenki, yapite kwenye chujio kama ilivyokusudiwa.

Kisha akamwita binti yetu. Si mimi. Akampa kopo la maziwa tupu alishike chini ya kiskrubu kidogo kilicho juu ya kichwa cha chujio, ambacho mimi nilikuwa nikikiona kila siku na kukidhani pambo. Akakilegeza kwa spana mizunguko miwili. Ubavuni mwa injini, kwenye pampu ndogo inayovuta mafuta kutoka tenkini, pana mkono mdogo wa chuma; akauinua na kuushusha. Ukawa mwepesi, hausukumi kitu. Akatabasamu. “Injini imesimama mahali pabaya, inaushikilia mkono kwa ndani.” Akaniagiza nitie gia na kulisogeza gari mbele hatua moja, na alipourudia ule mkono ukawa mzito, kama kukamua ng’ombe.

Akasukuma mara kumi, ishirini. Pale kwenye skrubu pakatoka kwanza pumzi tupu, kisha povu jeupe likichuruzika koponi kama povu la togwa. “Nini hicho?” akamwuliza binti. “Povu, babu.” “Basi bado.” Akaendelea. Povu likapungua, vikabaki viputo kimoja kimoja, halafu mafuta yakatoka safi, mfululizo, bila kiputo. Hapo ndipo penye siri: alikaza skrubu huku mkono mwingine ungali ukisukuma, maana ukiacha kusukuma kwanza, upepo hurudi ndani ukikucheka. Akafanya hivyo tena kwenye skrubu ya pampu ya nozeli. Alisema kama injini ingekuwa bado kaidi angelegeza nati za mabomba kwenye nozeli mbili, injini izungushwe hadi mafuta yateme, kisha azikaze. Hatukufika huko.

Vijana wakaitwa tena, na safari hii wakataka malipo kwanza, nami sikuwalaumu. Gia namba mbili, klachi chini, wakasukuma, nikaachia. Land Rover ikanguruma. Dizeli ya zamani namna ile ikishawaka haina haja ya umeme ili iendelee. Saa ilikuwa saba na dakika kumi. Khitma ya mama mkwe wangu ilikuwa imekwisha kuanza bila bintiye.

Mzee alikataa fedha. Aliomba nafasi tu hadi Kiranjeranje, yeye na nyavu zake, na njiani akatusimulia alikojifunzia. Alikuwa nahodha wa mashua ya injini ikipeleka watu na mizigo baina ya Kilwa Masoko na Songo Songo. Usiku mmoja, katika kusi, injini ikazimika namna ileile, mkondo ukiwachukua kuelekea mwambani. Baba yake alikuwa mtu wa jahazi, naye alikuwa akimwambia kwamba upepo ukikosekana, baharia hukaa akangoja. “Mimi nikawa kinyume chake,” akasema. “Upepo ulikuwako tele, hata ndani ya mafuta, na ndio uliotaka kutuua.” Alitoa upepo akiwa ameuma tochi kwa meno, abiria wakisali. Tangu siku hiyo hakwenda majini bila chujio la akiba, spana mbili na kopo.

Tulifika Lindi saa kumi na moja jioni. Masinia yalikuwa yamekwisha kuoshwa na kuegemezwa ukutani. Shangazi yao alitupokea kwa upole, na mama watoto akaingia ndani kwa wanawake wenzake, akakaa mahali ambapo mama yake alikuwa akikaa. Hakunilaumu, wala njiani, wala nyumbani, na hilo ndilo lililoniuma kuliko matusi.

Nimewauliza mafundi kadhaa tangu hapo, nao wameongeza machache. Magari ya dizeli ya miaka ya karibuni mara nyingi huwa na pampu ya umeme tenkini, au kipira cha kubinya kwa mkono juu ya chujio. Lenye pampu ya umeme, funguo hufunguliwa bila kuwasha, hungojwa kidogo, hufungwa, tena na tena, hadi pampu ijaze chujio yenyewe. Magari hayo usithubutu kuyalegeza nati za nozeli: mafuta humo hukaa kwa nguvu mara nyingi zaidi kuliko ya zamani, na mchirizi mwembamba waweza kupenya ngozi ya mkono na kumfikisha mtu kwenye kisu cha daktari. Stata isipigwe zaidi ya sekunde kumi hadi kumi na tano kwa mkupuo, ipumzishwe. Na dizeli ya dumu, kama huna budi kuinunua, iache itulie, maji yatashuka chini, kisha umimine ya juu kwa kitambaa safi.

Jambo moja la nyumbani nisilisahau. Tabia ya kuvuta mafuta kwa mdomo kwa mpira, mbele ya watoto ambao kesho wataiga, iachwe. Dizeli ikiteleza mapafuni ni hatari kubwa. Aliyeimeza asitapishwe, bali apelekwe hospitali upesi.

Mwaka uliofuata shemeji aliniazima gari lile tena, nasi tukabadilisha chujio uani kwetu kabla ya safari, kwa raha yetu. Niliushika mkono wa pampu, nikasukuma mara thelathini hivi, nikaona yatosha, nikamwambia mama watoto akaze skrubu. Yeye alikuwa ameinama juu ya kopo, binti akimmulikia tochi.

“Bado povu,” akasema. “Sukuma.”