Daftari la Wiki: Mwalimu wa Tuisheni Hupimwa kwa Kazi Aliyosahihisha

Soko la tuisheni nchini Tanzania huchangamka zaidi katika miezi inayotangulia mitihani ya taifa, yaani kabla ya Mei kwa kidato cha sita na kabla ya Novemba kwa kidato cha nne, na katika msimu huo mzazi anayemtafutia mtoto wake mwalimu wa Hisabati au wa Uchumi hulazimika kununua huduma ambayo ubora wake hawezi kuuona kabla ya kulipa. Wanauchumi huiita hali hiyo ukosefu wa ulinganifu wa taarifa, kwa maana kwamba muuzaji anaijua bidhaa yake vizuri zaidi kuliko mnunuzi. George Akerlof aliichambua mwaka 1970 kwa kutumia soko la magari yaliyokwisha kutumika, na mwaka 2001 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi pamoja na Michael Spence na Joseph Stiglitz. Hoja yake ni kwamba mnunuzi asiyeweza kutofautisha gari zima na bovu hutoa bei ya katikati, bei ambayo haimridhishi mwenye gari zima, naye huondoka sokoni na kuwaachia nafasi wenye mabovu. Tuisheni nayo imo hatarini kwa njia hiyohiyo, kwa sababu mwalimu anayekesha akisahihisha kazi za wanafunzi wanne hulinganishwa bei na yule anayewakusanya wanafunzi sitini katika chumba kimoja, na mzazi asiyeiona tofauti humwendea wa bei nafuu.

* * *

Matangazo ya tuisheni yanayobandikwa kwenye nguzo za umeme hutaja alama ambazo mwalimu mwenyewe alipata. Alama A ya Hisabati ni ushahidi wa kweli kwamba mtu analijua somo, lakini haithibitishi kwamba anaweza kutambua mahali ambapo mwanafunzi mwingine amekwama. Mwanafunzi wa chuo kikuu aliyemaliza kidato cha sita juzi mara nyingi huufahamu mtihani vizuri na hutoza kiasi kidogo, ilhali mwalimu mstaafu huyajua makosa ya vizazi vingi vya wanafunzi; kila mmoja ana faida yake, na hakuna anayestahili kuchaguliwa kwa cheti peke yake. Swali lenye manufaa zaidi kwa mzazi ni kama mwalimu huyo amesoma taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa zinazotolewa na Baraza la Mitihani la Tanzania. Taarifa hizo hupatikana bila malipo, nazo huonyesha sampuli za majibu mazuri na ya hovyo kwa kila swali. Mwalimu asiyezijua hufundisha kwa kubahatisha.

* * *

Utafiti unaotajwa sana kuhusu ufundishaji wa mtu mmoja mmoja ni ule ambao Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago aliuchapisha mwaka 1984, ambamo mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa na mwalimu wake binafsi aliwapita takribani asilimia 98 ya wale waliofundishwa katika darasa la kawaida. Tafiti za baadaye hazikupata manufaa makubwa kiasi hicho. Mwaka 2011 Kurt VanLehn alilinganisha matokeo ya tafiti nyingi na kuona kwamba manufaa yapo, ingawa ni madogo kuliko yale ya Bloom, na kwamba programu za kompyuta zinazomrekebisha mwanafunzi katika kila hatua ya ukokotoaji zilikaribia sana kumfikia mwalimu binadamu. Jambo hilo lina uzito mkubwa, kwani linaashiria kwamba kinachomsaidia mwanafunzi ni kurekebishwa hatua kwa hatua, wala si kukaa karibu na mwalimu anayejua sana kuzungumza.

* * *

Katika tahasusi ya EGM, mojawapo ya michanganyiko ya masomo ya kidato cha tano na sita, mwanafunzi husoma Uchumi na Jiografia pamoja na Hisabati ya juu, na mwenzake wa HGE, anayechanganya Historia, Jiografia na Uchumi, husoma Hisabati tumizi kama somo la nyongeza. Hata hivyo, wazazi wengi hutafuta mwalimu wa Uchumi pale ambapo tatizo lenyewe ni la hesabu. Uchukuliwe mfano wa mnyumbuko wa mahitaji, yaani kipimo cha jinsi kiasi kinachonunuliwa kinavyobadilika bei inapobadilika. Bei ya kilo ya sukari ikipanda kutoka shilingi 2,500 hadi 3,000, na duka likauza kilo 45 badala ya 50, bei imepanda kwa asilimia 20 na mauzo yamepungua kwa asilimia 10, kwa hiyo mnyumbuko ni 0.5. Mwanafunzi anayegawanya kilo 5 kwa shilingi 500 hupata 0.01, na huenda akawa anaikariri fasili bila kukosea hata neno. Kumpa maelezo zaidi ya fasili ni kumpotezea muda, kwa kuwa anachohitaji ni asilimia, mada ya shule ya msingi, na mwalimu mwaminifu atamwambia mzazi hivyo hata kama ada ililipwa kwa ajili ya Uchumi.

Ni kweli pia kwamba sehemu kubwa ya msaada wa tuisheni hutokana na Kiswahili. Masomo mengi ya sekondari hufundishwa kwa Kiingereza, na mwanafunzi aliyenyamaza darasani kwa kuogopa kukosea sentensi huanza kuuliza maswali anaporuhusiwa kuuliza kwa lugha anayoitumia kufikiri. Mwalimu mzuri humwachia aeleze kwanza kwa Kiswahili, kisha humrudisha kwenye Kiingereza atakachojibia mtihani.

* * *

Mwalimu anayewatoza wanafunzi wake mwenyewe kwa masomo ya jioni huingia katika mgongano wa maslahi, kwa kuwa mada anayoiacha nusu asubuhi humwongezea wateja baadaye. Kenya, kwa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ilikataza tuisheni ya likizo na kuweka adhabu ya faini isiyozidi shilingi 100,000 za Kenya, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Katazo la namna hiyo humlinda mtoto dhidi ya kulazimishwa, lakini haliwezi kumpa uelewa alioukosa darasani, na kwa familia yenye kipato kidogo njia ya haki zaidi ni wazazi watatu au wanne wa mtaa mmoja kuchangia ada ya mwalimu mmoja, masomo yafanyike sebuleni kwa zamu mbele ya watu wazima, na wakubaliane naye tangu siku ya kwanza kwamba malipo yanajumuisha saa za kusahihisha.